Maua ya mezani yasiwatie maharusi madeni

Miezi ya Agosti na Disemba inapowadia, kamati za arusi huzagaa kila pembe ya nchi hii. Zamani wanakamati walikutana hotelini au kanisani kuchanga. Siku hizi wengi hukutanishwa na kundi la WhatsApp, na michango hutumwa kwa M-Pesa. Jambo ambalo halijabadilika ni kwamba fedha hizo ni jasho la watu: shangazi anayeuza mboga, mjomba aliyestaafu, rafiki ambaye mshahara wake huisha kabla ya mwezi kufika nusu. Ni haki basi tuulize zinatumiwaje.

Miongoni mwa gharama ambazo aghalabu hupita bila kuhojiwa ni pambo linalowekwa katikati ya kila meza ya wageni. Tufanye hesabu ya kukadiria. Arusi ya wageni 200, wakiketi kumi kumi, huhitaji meza 20. Pambo moja likikodishwa kwa shilingi 3,000, jumla ni shilingi 60,000, na yote hayo ni kwa kitu kitakachotazamwa kwa saa chache kisha kirejeshwe ghalani. Pambo la shilingi 600 lingegharimu shilingi 12,000 pekee. Hizo 48,000 zinazosalia zaweza kuwanunulia maharusi godoro, jiko na vyombo vya kuanzia maisha.

Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba mengi ya mapambo hayo ni maua ya plastiki yaliyosafirishwa kutoka ng'ambo. Ama kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza maua nje. Mawaridi ya Naivasha hupakiwa ndegeni Nairobi na kuishia kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, na katika maduka makubwa ya Ulaya. Iweje basi Mzungu apambe meza yake kwa waridi letu, nasi tupambe zetu kwa plastiki?

Watu wengi hudhani kwamba waridi halisi ni ghali. Ukweli ni kwamba katika biashara hiyo, bei hutegemea sana urefu wa kikonyo. Waridi la kikonyo kirefu ndilo linalotafutwa na wanunuzi wa nje. Lenye kikonyo kifupi huuzwa kwa bei ya chini. Lakini meza ya arusi haihitaji kikonyo kirefu hata kidogo! Pambo refu huwaziba wageni nyuso, wakawa wanachunguliana kama watu waliotenganishwa na ua. Kipimo chake ni rahisi: weka kiwiko mezani, usimamishe mkono, pambo lisipite ncha za vidole. Kwa hivyo, ua ambalo mnunuzi wa nje hulipa bei ndogo ndilo hasa linaloifaa meza yetu.

Wakazi wa Nairobi wanaweza kwenda kwa wauzaji wa maua wa City Market, barabara ya Muindi Mbingu, wakapatana bei. Maua yanunuliwe siku moja au mbili kabla ya arusi, vikonyo vikatwe mshazari, majani yatakayozama majini yaondolewe, na ndoo ziwekwe kivulini penye ubaridi.

Na chombo je? Si lazima kiwe cha kioo. Wakalenjin huhifadhi mursik katika kibuyu, na kwa kibuyu hicho hicho huwapokea wanariadha mashujaa warejeapo nyumbani. Chombo kinachomfaa bingwa wa dunia hakiwezi kuiaibisha meza ya arusi. Vyungu vidogo vya udongo na vikapu vya ukili pia vinafaa, na baada ya sherehe vitatumika jikoni. Huko Pwani, ambako tangu jadi bibi arusi hupambwa kwa vikuba vya asumini na rehani, sinia pana yenye maji na asumini zinazoelea hutosha kwa karamu ya jioni, na harufu yake haina kifani.

Wapo watakaosema kwamba arusi ni siku moja tu maishani, na kwamba pambo la bei nafuu litaonekana kama umaskini. Katika isimu tunafunza kwamba ishara haina maana yake yenyewe. Hupewa maana na jamii inayoitumia. Ni sisi tuliokubaliana kwamba kioo cha kukodi ni heshima na kwamba kibuyu ni ushamba. Tukitaka, tunaweza kukubaliana vingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua aina tano za ndoa, na hakuna hata moja inayobatilika kwa kukosa maua mezani.

Hatusemi wapambaji wanyimwe riziki. Fundi hodari wa kupamba anaweza kulipwa kwa ustadi wa mikono yake, akafanya maajabu kwa waridi fupi na chungu cha udongo. Tunachokataa ni mchango wa wanyonge kugeuzwa kodi ya plastiki. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kamati zinapokutana safari hii, na zianze kwa kuutazama mbacha wetu wenyewe.