Chungu ya Mawe na Kaburi la Matope

Katika somo letu la ibada za maziko huwa tunawauliza wanafunzi maana ya chungu ya mawe juu ya maiti. Karibu wote hujibu kwamba ni laana. Jibu hilo wamelitoa katika Biblia yenyewe, kwa maana Akani alifunikwa hivyo (Yos. 7:26), mfalme wa Ai vivyo hivyo (Yos. 8:29), na Absalomu alitupwa shimoni na kulundikiwa mawe (2 Sam. 18:17). Wachache hukumbuka kwamba Yakobo na Labani walikusanya chungu ya namna hiyo iwe shahidi kati yao (Mwa. 31:46-48), au kwamba Raheli alisimamishiwa nguzo kando ya njia (Mwa. 35:20).

Mwaka jana tulishuka na wanafunzi hao katika kreta ya Ngorongoro, tukiongozana na askari wa hifadhi. Huko yako marundo ya mawe ambayo mgeni aendaye kutazama vifaru huyapita bila kuyatambua. Ni makaburi. Hans Reck, mtaalamu wa miamba kutoka Ujerumani, aliyachunguza baadhi yake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Louis na Mary Leakey walichimba mengine miaka ya 1940, na taarifa ya Mary Leakey ilitoka mwaka 1966. Walikuta mifupa ya watu, na pamoja nayo bakuli za mawe, michi na shanga. Waliozikwa ni wa jamii za wafugaji walioishi nyanda hizi kabla chuma hakijaenea. Kazi ya mawe yaonekana wazi: ardhi hiyo ni ya fisi, na mfugaji huhama, alihitaji kaburi lisilofukuliwa, ambalo angeliona tena msimu wa malisho ukimrudisha.

Waliozikwa hivyo si Ngorongoro tu. Katika pango la mto Njoro, nchini Kenya, akina Leakey walifukua mwaka 1938 mabaki ya watu wapatao 80, waliochomwa moto yapata miaka 3,000 iliyopita, wakiwekewa bakuli, mchi na jiwe la kusagia. Lakini mahali panapotufundisha zaidi ni Lothagam, kando ya ziwa Turkana. Taarifa ya wachunguzi iliyochapishwa mwaka 2018 yaeleza kwamba kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita wafugaji walizika hapo watu wasiopungua 580, wakafunika eneo lote kwa mawe na kusimamisha nguzo juu yake. Wazee, wanawake na watoto wachanga wamelala pamoja, na karibu kila mmoja ana mapambo yake. Hakuna dalili ya kaburi la mkubwa na kaburi la mnyonge. Tena kazi hiyo ilifanyika wakati mvua zilipopungua na ziwa lilipokuwa likirudi nyuma, ikiacha pwani zake za zamani kavu. Watu ambao maji yalikuwa yakiwahama walijifanyia mahali pasipohama. Sisi tunaozika kwa kuangalia nani amelipa ahadi na nani hajalipa tungefaa kusimama hapo kwa muda.

Sasa tuje Kibiti. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Tulipofika huko baadaye kusaidia huduma, mama mmoja wa usharika alitujia akasema, "Baba Mchungaji, mtoto wangu nilimzika, lakini sasa sijui nilimzika wapi." Maji yalikuwa yameuchukua msalaba wa mti na kulisawazisha tuta. Aliomba mambo mawili: tumtafute, na kama hapatikani, tumwombee upya, kwa kuwa aliogopa kwamba asiye na kaburi hahesabiwi.

Delta si nchi ya mawe. Udongo wake ni matope yaletwayo na mto, na juu yake mikoko. Ng'ambo, katika magofu ya Kua karibu na Mafia, wakazi wa kale walijenga kwa matumbawe. Mkazi wa bonde hana hata hayo. Hapa lugha yenyewe yatania kidogo: kwao hakuna chungu ya mawe, kuna chungu cha udongo. Na hicho ndicho kilichobaki. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 habari za shanga za kioo za asili ya Kirumi zilizopatikana upande huo wa Rufiji, katika makazi ya kale yanayojulikana kwa vigae vya vyungu. Watu walikuwapo, walifanya biashara na nchi za mbali, walizaa na kuzika. Makaburi yao hatuyaoni. Hata katika kumbukumbu za walio hai, serikali ilipowahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya miinuko kuanzia mwaka 1968, wengi waliacha wafu wao nyuma yao.

Kwa hiyo hatukuweza kumjibu mama yule kwa habari za Ngorongoro. Tulimsomea juu ya Musa, ambaye kaburi lake halijulikani (Kum. 34:6), na juu ya bahari itakayowatoa wafu waliomo ndani yake (Ufu. 20:13). Maziko hatukuyarudia, maana mtoto alikwisha kukabidhiwa kwa Mungu, na kurudia kungekiri kwamba maji yaliitangua ahadi. Lakini kutafuta tulitafuta. Majirani Waislamu, ambao nao walikuwa wamepoteza makaburi yao, walitupimia kwa hatua kutoka kwenye mwembe uliobaki, wakabishana, wakakubaliana mahali. Pakasimamishwa mti wa mkoko. Mama akauliza utadumu miaka mingapi. Mzee mmoja akamjibu kwamba hajui, ila yeye mwenyewe atapita kuutazama kila masika.