Choo cha Umma Mjini: Ujenzi ni Mwanzo wa Gharama

Choo cha umma hujengwa mara moja, lakini maji, sabuni, mhudumu na unyonyaji wa majitaka hulipiwa mwaka hadi mwaka. Kisipotengewa fedha za uendeshaji, hatima yake ni kufuli.

Jijini Nairobi, kampuni ya Ecotact ilikubaliana na Halmashauri ya Jiji kujenga vyoo vya Ikotoilet katikati ya jiji, kuviendesha kwa miaka mitano, kisha kuvikabidhi. Ada ya shilingi 5 za Kenya, pamoja na mapato ya wang'arisha viatu na maduka madogo yaliyopangishwa hapo, ilisaidia kulipia huduma.

Hata hivyo, ada ina uzito wake. Mchuuzi anayeshinda sokoni huilipa zaidi ya mara moja kwa siku, na mwanamke hana pa kujisitiri kwingine. Ikipunguzwa, pengo hujazwa na mapato ya ndani ya halmashauri.

Mwaka wa fedha nchini Tanzania huanza Julai 1, na vipaumbele huibuliwa miezi kadhaa kabla, katika mikutano ya mitaa na vijiji. Huko ndiko wananchi wanakopaswa kuhoji mambo matatu: choo kitajengwa wapi, matundu ya wanawake yatakuwa mangapi, na nani atalipia uendeshaji.