Lambo la Mtu Binafsi: Starehe Isizibe Utoro wa Maji (Sehemu ya Pili)

Mwaka 1879 matajiri wa Pittsburgh, nchini Marekani, walijipatia bwawa kuukuu la udongo lililokuwa limetelekezwa milimani. Wakaanzisha klabu ya uvuvi na uwindaji iliyoitwa South Fork, wakajenga nyumba za mapumziko ukingoni, wakaleta mashua na kupandikiza samaki. Miongoni mwa wanachama walikuwamo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick, wakubwa wa biashara ya chuma na makaa ya mawe wa zama zile. Ili magari ya farasi yapishane juu ya tuta, kilele chake kilishushwa. Ili samaki wasitoroke, nyavu za chuma ziliwekwa kwenye utoro, yaani ile njia ya pembeni inayotoa maji yanapozidi. Mabomba ya kupunguzia maji chini ya tuta yalikuwa yameshang'olewa na mmiliki wa awali na kuuzwa kama chuma chakavu. Klabu haikuyarudisha.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa ya usiku kucha, matawi na takataka zilinasa kwenye zile nyavu. Vibarua walihangaika kuzizibua na kurundika udongo juu ya tuta, lakini maji yalikuwa yakipanda upesi kuliko mikono yao. Yakapita juu ya kilele, na alasiri ile tuta likakatika. Katika muda wa saa moja hivi maji yaliufikia mji wa Johnstown, kilomita zipatazo 23 chini ya bonde. Waliokufa walikuwa 2,209.

Tuta la South Fork lilikuwa na urefu wa mita 22 kwenda juu, kwa hiyo halikuwa lambo la shambani. Hata hivyo makosa yaliyoliangusha ni yale yale yanayoonekana leo kwenye malambo ya mita nne au tano: utoro ulioziba, kilele kilichoshuka, na kukosekana kwa njia ya kupunguza maji mapema. Tena makosa mawili kati ya hayo yalifanywa kwa ajili ya starehe. Hapo ndipo penye kiini cha sehemu hii ya pili. Mwenye lambo anapoamua kuwakaribisha watu waje kuvua, kuogelea na kupumzika, kila anachokiongeza kwa ajili yao hakina budi kupimwa kwanza kwa swali moja: kinalifanyia nini tuta na utoro wake?

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya masika yenye mvua nyingi kupita kawaida, bwawa la udongo lililojulikana kama Patel lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Lilikuwa mali ya mtu binafsi, ndani ya shamba kubwa. Maji yaliteremka gizani yakabeba nyumba, mifugo na watu wa vijiji vilivyokuwa chini yake, na watu wasiopungua 47 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilieleza baadaye kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali.

Mabwawa ya namna hii huponyoka machoni mwa wakaguzi kwa sababu ya udogo wake. Kwa kipimo kinachotumiwa na wahandisi wa mabwawa duniani, bwawa kubwa ni lile lenye tuta la mita 15 na zaidi, au lililo chini ya hapo lakini limebeba maji mengi mno. Lambo la mkulima halifiki huko. Lakini hebu tupige hesabu. Eneo la maji la mita 100 kwa 100, lenye kina cha wastani cha mita 3, linabeba mita za ujazo 30,000. Hizo ni tani 30,000 za maji zinazozuiliwa na udongo ulioshindiliwa. Udongo huo ni imara sana ukiwa umekamilika, na ni dhaifu sana pale maji yanapopata upenyo wa kupita juu yake au ndani yake.

Yakipita juu, huanza kukwangua upande wa nje wa tuta, na mfereji mdogo huweza kuwa pengo kubwa katika muda wa saa chache. Ndiyo maana mafundi huacha nafasi, aghalabu mita moja hivi kwa malambo madogo, kati ya usawa wa maji na kilele. Wapo wamiliki ambao huila nafasi hiyo kwa kuinua sakafu ya utoro kwa mawe au viroba vya mchanga, ili ziwa lionekane limejaa na kupendeza machoni pa wageni. Hilo lisifanywe kamwe. Huko Kauai, katika visiwa vya Hawaii, bwawa la udongo la Ka Loko lilikatika tarehe 14 Machi 2006 na kuua watu saba. Lilikuwa katika ardhi ya mtu binafsi, na uchunguzi wa jimbo ulionyesha kuwa utoro wake ulikuwa umefukiwa.

Yakipita ndani, mambo huanza kimyakimya. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na maji yanayochuruzika yakiwa meupe si lazima yawe hatari. Yakitoka yakiwa na tope, basi udongo unahama kutoka ndani ya tuta, na mwenye lambo amwite mhandisi siku hiyo hiyo na kuwatahadharisha walio bondeni. Mahali pa kuchunguza zaidi ni pale bomba linapopita chini ya tuta, kwani maji hupenda kufuata ubavu wa bomba. Kipande cha nyasi kilichostawi kuliko vingine upande wa nje wakati wa kiangazi nacho ni dalili ya unyevu unaopenya.

Hapa ndipo mapambo ya mapumziko yanapoleta madhara. Miti ya kivuli ikipandwa juu ya tuta, mizizi yake hupenya ndani. Mti ukifa, mizizi huoza na kuacha mirija. Miti ipandwe mbali, tuta livikwe nyasi fupi zinazotambaa, ambazo hushika udongo na hazifichi mashimo ya wanyama. Magari ya wageni yasiegeshwe kileleni, maana magurudumu huchimba mifereji inayokuwa mlango wa kwanza wa mafuriko. Njia za ng'ombe na za wavuvi hufanya vivyo hivyo, polepole zaidi.

Hata uchaguzi wa viumbe wa kufuga una uzito wake. Kamba wekundu wa maji baridi kutoka Marekani waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na kamba hao huchimba mashimo kwenye kingo za udongo. Mfugaji anayevutiwa nao kwa kuwa ni kitoweo cha hotelini ajue kwamba anapandikiza wachimbaji kwenye tuta lake. Perege na kambare wanatosha kumfurahisha mvuvi wa mwisho wa wiki.

Sasa tuwageukie wanaoingia majini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na sehemu kubwa ya vifo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwenye mito, visima na mabwawa ya karibu na nyumbani. Lambo lina hatari yake ya pekee ambayo mgeni haioni. Wakati wa ujenzi, mara nyingi udongo wa tuta huchimbwa palepale kitakapokuwa kitako cha bwawa, na machimbo hayo hubaki chini ya maji. Mtoto anaweza kutembea hatua kumi maji yakiwa kiunoni, na hatua ya kumi na moja akazama. Mmiliki aliyeshuhudia ujenzi anayajua machimbo hayo yalipo. Basi apime kina kwa mti wenye alama wakati maji yamepungua, afunge kamba yenye maboya kuzunguka sehemu iliyo salama, na eneo la karibu na mdomo wa bomba la kutolea maji apige marufuku kabisa, kwa sababu bomba likifunguliwa mvuto wake huweza kumnasa mtu mzima.

Vifaa vya uokoaji si lazima viwe vya gharama. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo vizuri na kufungiwa kamba ndefu huweza kumweka mtu juu ya maji, na linaweza kurushwa na mtu asiyejua kuogelea. Wengi hufa kwa kurukia majini kumfuata anayezama. Dumu na kamba vingewaokoa wote wawili. Mashuani, kila abiria avae jaketi la kuokolea, na lisiachwe chini ya kiti. Kichocho nacho kisisahauliwe: konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani kingoni, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Kung'oa magugu kwenye ufuko wa kuogelea, na kuwa na choo kinachotumika kweli, hupunguza maambukizi.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na Bodi za Maji za Mabonde tisa. Kenya ina Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Kibali kisichukuliwe kuwa karatasi ya usumbufu. Kinamleta mtaalamu kwenye tuta, na kinawapa walio chini ya bonde haki ya kujua kilicho juu yao.

Kwa hiyo, mwenye lambo unayesoma makala haya, kabla mvua hazijaanza pita kwenye utoro ukiwa na panga na jembe. Ondoa nyavu, matawi na kila kilichoziba njia. Kisha shuka bondeni, uhesabu nyumba zilizo chini ya tuta lako, na uchukue namba ya simu ya kila kaya.