Unataka MBA majuu? Wacha kuuza shida, waambie uliamua nini

Wasee wengi Nairobi wakianza kuota MBA ya majuu, kichwa hukimbilia GMAT. Wananunua vitabu, wanakesha na hesabu, wanajiunga na magrupu ya WhatsApp ya kubadilishana maswali. Sawa, alama ni muhimu. Lakini huo mtihani siku hizi unaishia 805, na kwa meza ya kamati kuna watu kibao wenye alama safi kama zako. Insha ndio huwatenganisha, na hapo ndipo wengi huteleza.

Cheki swali ambalo chuo cha biashara cha Stanford, kule California, kimeuliza kwa miaka mingi: ni kitu gani cha maana zaidi kwako, na kwa nini? Ni hilo tu, na halina jibu la kukariri. Harvard nao walibadilisha mambo 2024. Siku hizi wanataka insha tatu fupi: moja ya maneno 300 kuhusu safari yako ya kazi, na mbili za maneno 250, ya uongozi na ya kiu yako ya kujifunza. Maneno 300 hayajazi hata ukurasa mmoja. Ukianza na blaa blaa, nafasi imeisha.

Kinachochekesha ni kwamba hii city imejaa vijana wanaolipa rent kwa kuandikia wanafunzi wa majuu kazi zao za chuo. Msee anaweza kukutolea kurasa kumi kuhusu uchumi wa Brazil kabla kupambazuke. Mwambie aandike ukurasa mmoja kujihusu, anakwama. Si kosa lake sana. Kama ulifanya KCPE unakumbuka insha ya kupata maksi: jua linachomoza, ndege wanaimba, methali tatu kwa paragrafu ya kwanza. Tulifunzwa kupamba. Kamati ya MBA haitaki mapambo, inataka kukujua.

Machozi hayapewi maksi

Kuna imani mtaani kwamba mzungu akisikia ulilala njaa, atakupa nafasi. Kwa hivyo watu wanajaza insha na mabati yanayovuja, karo iliyokosekana na kutembea bila viatu.

Buda, hiyo kamati haigawi unga. Inatafuta watu watakaoongoza kampuni, hospitali, serikali. Mambo ya karo yana fomu zake. Harvard, kwa mfano, hupima msaada wa karo kwa kuangalia hali yako ya pesa, na unaomba ukishakubaliwa. Insha ina kazi nyingine.

Hiyo haimaanishi ufiche ulikotoka. Shida uliyopitia ni ya kweli na ina mahali pake kwa stori. Lakini ikiwa ukurasa mzima ni mambo uliyofanyiwa na maisha, msomaji anamaliza akikuhurumia bila kujua wewe ni nani.

Tafuta pale uliamua

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme wewe ni mweka hazina wa chama cha bodaboda steji ya kwenu. Insha ya kawaida ingesema: "Mimi ni kiongozi mwenye maono na ninapenda kubadilisha jamii yangu." Hiyo sentensi inaweza kusainiwa na mtu yeyote, hata MCA.

Sasa soma hii:

"Wanachama 22 walikuwa wakiniletea shilingi mia kila jioni, naandika kwa daftari. Mwezi wa nne niligundua mwenyekiti amekuwa akijikopesha bila kuambia mtu. Yeye ndiye aliyenipatia nafasi kwa hiyo steji. Jumapili nilisoma hesabu mbele ya wote. Watu watatu walitoka kwa chama, na mwenyekiti hakunisalimia mwaka mzima. Waliobaki tulihamia Paybill ya M-Pesa, kila mtu akawa anaona risiti yake."

Hapo hakuna neno "kiongozi", lakini umemuona. Ameshika pesa za watu, akachagua kati ya rafiki na haki, na akalipa gharama. Stori yenye nguvu huwa na hivyo vitu: kulikuwa na njia mbili, ukachukua moja, kuna kitu ulipoteza na kuna kitu kilibadilika. Kama hakuna kilichokugharimu, pengine hiyo ni CV tu umeiandika kwa sentensi ndefu.

Na si lazima iwe jambo kubwa. Hauhitaji kuanzisha shirika la watoto yatima. Steji ya boda inatosha.

Uliza kwa nini mpaka ikuume

Ukipata tukio lako, jiulize kwa nini, kisha tena, kisha tena. Kwa nini yule mweka hazina aliongea? Kwa sababu pesa hazikuwa zake. Kwa nini hilo lilimsumbua, na wengine hunyamaza? Kwa sababu mathe aliwahi kupoteza akiba yake kwa chama kingine, na hakuna aliyewahi kumwonyesha hesabu.

Umeona ile shida imerudi? Lakini sasa inaeleza uamuzi, haiombi huruma. Sentensi moja kama hiyo inabeba uzito kuliko kurasa mbili za mabati yanayovuja.

Unganisha na kesho

"Nataka kujifunza biashara" haitoshi. Stanford wana swali la pili: kwa nini Stanford? Jibu linatoka kwa pengo lako. Yule wetu wa boda anajua kukusanya pesa na kulinda imani ya watu 22. Hajui kupima hatari ya mkopo wala kutafuta mtaji wa kuhudumia vyama 2,000. Ndio maana anaenda darasani.

Na kama unasema utarudi nyumbani, iwe kweli. Stanford wamekuwa na ufadhili wa raia wa Afrika unaomtaka mhitimu arudi kufanya kazi barani kwa angalau miaka 2. Hiyo ni ahadi, msee, si mstari wa kupamba insha.

Usilipe mtu akuandikie

Kuna majamaa watakwambia utume doh, wakuundie stori. Ukikubali, kumbuka insha haisomwi peke yake. Bosi wako ataandika barua ya mapendekezo, na vyuo vingi humuuliza ni ushauri gani wa kukurekebisha aliwahi kukupa na ulifanya nini nao. Kisha kuna mahojiano, ambapo utaulizwa kuhusu ile steji uso kwa uso. Hata ukipita, vyuo vikubwa huajiri kampuni za kukagua kama ulisema ukweli kuhusu kazi na masomo yako. Ikipatikana umedanganya, nafasi inaweza kuchukuliwa hata kama ushafanya sherehe.

Akili bandia nayo itakupa Kiingereza safi kisicho na mtu ndani. Itumie kusahihisha ukitaka, na kama chuo kinaruhusu, lakini haikuwa kwa hiyo steji.

Anza hivi

Shika simu, umrekodie beste yako sauti ya dakika tano: ni lini uliamua kitu kigumu, na kwa nini? Ongea Sheng yako, usipambe. Sikiliza ukiandika. Pale sauti yako ilibadilika, stori iko hapo. Kisha ndio uigeuze Kiingereza.

Ukimaliza, weka jina la deskmate wako kwa hiyo insha. Kama bado inamfaa, rudi uandike upya.

Na anza mapema. Vyuo vingi vya Marekani hufunga awamu ya kwanza Septemba na ya pili Januari, kwa hivyo jipe kama miezi mitatu. Ada ya maombi Harvard na Stanford ni zaidi ya dola 200 kila moja, na hairudishwi. Ukiwa umesota, omba kusamehewa ada kabla ya kutuma, wana utaratibu wa hiyo.

Hizo ni pesa nyingi sana kuwatumia watu stori ya mtu mwingine.