Wachapishaji wa Nakuru na gharama ya wino mbichi

Mteja anayeagiza bango katikati ya jiji la Nakuru huuliza mambo mawili: bei, na saa ya kulichukua. Printa za kisasa hazimcheleweshi mtu. Mita kadhaa za bango hutoka akiwa bado hajamaliza chai yake. Anachosubiri ni wino ukauke, na katika biashara hii, kusubiri ndiko kunakokula faida.

Mabango mengi hapa huchapishwa kwa wino wa soventi. Bango likitoka kwenye mashine hushikika bila kuchafua vidole, lakini soventi ingali inafuka, na ukinusa karibu utaisikia. Stika ya kubandikwa kwenye mlango wa matatu inapaswa kupumzika karibu saa 24 kabla ya kufunikwa kwa plastiki ya kuilinda. Ikifunikwa jioni ile ile, mvuke wa soventi hunaswa ndani, gundi hulegea, na baada ya wiki chache pembe zinaanza kujikunja. Mwenye matatu hurudi na malalamiko, na kazi hurudiwa kwa hasara ya mchapishaji. Misimu ya uchaguzi, kama ilivyokuwa 2017 na 2022, ndiyo mibaya zaidi: mwaniaji huleta oda siku moja kabla ya mkutano na hakuna anayethubutu kumwambia asubiri siku nzima.

Hali ya hewa nayo ina usemi wake. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari jua na upepo hukausha bila malipo. Aprili mvua ikishika, au Julai na Agosti asubuhi zikiwa za baridi na unyevu, kazi ile ile huchukua muda mara mbili. Wanaoumia hasa ni wachapishaji wa skrini, wale wanaovuta wino kwa mkono juu ya fulana na mifuko. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017 iliwaletea kazi nyingi, kwani maduka na kampuni zilihitaji mifuko ya kitambaa chepesi yenye nembo zao. Ingia kwenye karakana ya namna hiyo siku ya mvua uone: mifuko imetundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, feni inapuliza, na kijana anagusa ukingo wa nembo kwa kidole gumba kila mara ajue kama anaweza kuichapa rangi ya pili.

Soko limejaribu kuikimbia shida hii kwa kubadilisha wino. Wino wa yuvi hauhitaji kukauka. Mwanga wa taa ya urujuanimno (UV) huugandisha papo hapo. Hufanya kazi nzuri sana kwenye vigae, kalamu na mbao, ila mashine yake ni ghali, na wino ambao haujaganda sawasawa huweza kuwasha ngozi. Kwa jezi za timu, wengi wameingia sablimesheni, ambapo wino huhamishwa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye poliesta kwa joto la karibu nyuzi 200. Kwa fulana za pamba, siku hizi ni filamu na poda: picha huchapishwa kwenye filamu, hunyunyiziwa poda ya gundi, hupitishwa kwenye tanuri, kisha hubanwa kwenye nguo. Zote ni mbinu nzuri. Lakini tazama vizuri utaona kwamba muda wa kusubiri umegeuzwa kuwa uniti za umeme. Umeme ukikatika filamu ikiwa ndani ya tanuri, kazi imeharibika.

Kuna njia nyingine ambayo wauzaji wa mitambo ughaibuni wanaisifu: kukausha wino wa maji kwa nishati ya masafa ya redio. Karatasi iliyochapishwa hupita kati au juu ya vyuma vyenye umeme unaobadilisha mwelekeo zaidi ya mara milioni 27 kwa sekunde. Molekuli za maji na chumvi zilizomo kwenye wino huvutwa huku na huku, zinasuguana, na joto linazaliwa ndani ya wino wenyewe. Karatasi kavu haiitikii sana mawimbi hayo, kwa hiyo haipati moto mwingi. Penye wino mwingi joto huwa jingi, na maji yakiisha joto hupungua lenyewe. Feni na tanuri haziwezi kuchagua hivyo. Hupasha hewa, karatasi, vyuma na bomba la moshi kwa pamoja.

Si jambo geni duniani. Viwanda vya nguo hukausha nyuzi zilizotiwa rangi kwa njia hii tangu zamani, na Strayfield ya Uingereza na Stalam ya Italia zimejijengea jina kwa mitambo hiyo. Viwanda vya biskuti huitumia kuondoa unyevu uliobaki katikati.

Je, inamfaa mchapishaji wa Nakuru? Tupige hesabu. Chukua mashine ya kuchapisha karatasi yenye upana wa nusu mita, ikienda mita 100 kwa dakika, na kila mita ya mraba ikibeba gramu 10 za wino ambao asilimia 70 yake ni maji. Hayo ni kilo 21 za maji za kuondoa kila saa, na kuyageuza mvuke peke yake hula takriban uniti 13 za umeme. Ongeza umeme unaopotelea ndani ya mtambo wa kuzalisha mawimbi, ambao huweza kufika theluthi moja au zaidi. Kwa kiwanda cha katoni za maua kule Naivasha au cha mifuko ya unga, kinachochapisha wino wa maji usiku na mchana, hesabu hiyo huweza kulipa. Kwa duka la mabango hailipi, na kwa wino wa soventi haina maana, kwani mawimbi hayo yanatafuta maji.

Kiwanda kikubwa nacho kisikimbilie. Tabaka la wino ni jembamba mno, kwa hiyo mpangilio wa vyuma lazima uwe wa kitaalamu. Vifungashio vyenye karatasi ya alumini havipiti humo, cheche zitaruka. Wino wa maji wa printa za kidijitali una pia vimiminika vya kuzuia tundu zisizibe, ambavyo huondoka polepole kuliko maji, hivyo karatasi huweza kutoka bila maji na bado ikachafua mkono. Masafa yenyewe ni mali ya umma: megahezi 13.56, 27.12 na 40.68 zimetengewa viwanda kimataifa, na mtambo unaovujisha mawimbi nje ya hapo utaingilia mawasiliano ya wengine na kumkutanisha mwenyewe na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kinachonishangaza ni kwamba tunazungumzia kuagiza joto kutoka Ulaya hali tunaishi juu yake. Huko Eburru, mvuke wa ardhini umekausha pareto tangu zama za wakoloni. Huko Menengai, karibu na Nakuru, kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, ilionyesha mwaka 2015 kwamba joto la visima vya mvuke linaweza kuchemsha maziwa, kufua nguo na kupasha vivungulio vya mimea. Kukausha wino wa maji kwenye katoni kunahitaji hewa ya nyuzi 80 hadi 120 tu, joto ambalo visima hivyo vinaliweza bila shida. Serikali ya kaunti na GDC ziwape wenye viwanda vya vifungashio viwanja karibu na visima hivyo, pamoja na bei ya joto iliyoandikwa kwenye mkataba, kabla ya mtu yeyote kukopa benki kununua mtambo wa masafa ya redio.

Na aliye na duka mjini, aanze na vya bei nafuu: kipima unyevu ukutani, feni ya kutoa hewa nje badala ya kuizungusha ndani, na betri ya kuokoa kazi iliyo kwenye tanuri. Muuzaji akija na kikaushio kipya, cha aina yoyote ile, mpe karatasi yako na wino wako mwenyewe, akaushe mbele yako, kisha soma mita ya umeme kabla hujalipa amana.