Jina Ubavuni mwa Chombo

Maji yakipwa Kunduchi, mashua hulala mchangani, na nyingi utazijua kwa jina lililopakwa rangi ubavuni. Chombo chenyewe hakisemi. Anayekichukua hulisoma jina, kisha hufua ngama, maana maji ya safari iliyopita hayaendi na safari mpya. Kutambua na kusafisha: kazi hizo hizo mbili hufanywa na kiini cha Linux, moyo wa mfumo wa simu, kila simu ya Android inapowaka.

Flashi ukiichomeka kwenye kompyuta hujitaja yenyewe, namba ya mtengenezaji na namba ya aina. Chipu ya tachi ndani ya simu haina ulimi huo. Imening'inia kwenye nyaya mbili za mawasiliano, inasubiri kuitwa. Hivyo fimuwea, ile programu inayotangulia kuamka, hukikabidhi kiini orodha ya vilivyomo. Kwenye simu na Raspberry Pi orodha hiyo huitwa mti wa vifaa. Asili yake ni Open Firmware, iliyowekewa kiwango cha IEEE mwaka 1994. Kompyuta nyingi za Intel hutumia njia nyingine, ACPI, ya mwaka 1996.

Tazama GT911, chipu ya tachi ya kampuni ya Goodix. Mti huiandika "goodix,gt911". ACPI huiita kwa msimbo kama GDIX1001. Draiva, programu inayokiendesha kifaa, ni moja, ila imebeba majedwali mawili ya majina, na kiini hulinganisha herufi kwa herufi. Jina likioana, draiva huuliza mti: waya wa kuseti upya uko wapi? Huushusha kwa milisekunde 20, kisha huuachia: huko ndiko kusafisha. Hapo ndipo penye utamu: hali ya waya mwingine, ule wa kuita kiini, wakati wa kuachia ndiyo inayoamua chipu itaitikia anwani 0x14 au 0x5d. Mti ukitaja waya usio wake, chipu nzima huonekana imekufa.

Kwenye seva jambo ni zito zaidi, kwa sababu kifaa kimoja hukabidhiwa kompyuta pepe hii leo na nyingine kesho. Kisiposafishwa, kinaweza kuendelea kuandika kwenye kumbukumbu isiyo yake tena. Kwa vifaa vya aina hii visivyojitaja, sehemu ya Linux iitwayo VFIO hutafuta msafishaji kwa jina lile lile la mtini. Kwenye ACPI huita amri ya _RST iliyoandikwa na fimuwea yenyewe. Asipopatikana msafishaji, kwa kawaida VFIO hukataa kukipokea kifaa. Naliona katazo hilo kuwa la haki kabisa.

Sasa turudi Kunduchi, kwa fundi simu wa Mtongani. Kioo kimetoka Kariakoo, kimekaa sawa, picha inang'aa, tachi haisikii. Sababu mojawapo ni kwamba chipu ya kioo kipya si ile iliyotajwa mtini, wala si mojawapo ya mbadala ambazo kiwanda kiliziandaa. Kuflashi programu ile ile mara kumi hakutaongeza jina lisilokuwemo.

Kijana unayejifunza ufundi, ukiipata Raspberry Pi 4 fungua faili la /proc/device-tree/compatible. Utasoma "raspberrypi,4-model-b", halafu "brcm,bcm2711": jina la bodi kwanza, la chipu yake kuu likifuata.