Je, Wajua? Bastola na Kiganja Kidogo

Fundi cherehani wa Ediofe hakati kitambaa kabla hajakupima bega na kiuno. Bastola nayo ina vipimo vyake, ila wengi hukabidhiwa tu na kuambiwa watazoea. Nawafikiria hasa askari wa kike wa Arua na Koboko, huku West Nile nchini Uganda, ambao silaha mikononi mwao ilichorwa mbali, kwa kiganja cha mwanamume.

Je, wajua kipimo kikuu ni kipi? Ni umbali kutoka pale kidole gumba kinapoachana na kidole cha shahada hadi kwenye kifyatulio. Toa magazini, tazama ndani ya chemba uhakikishe hamna risasi, elekeza mtutu mahali salama. Sasa shika mpini, mtutu ulingane na kigasha. Nyama ya ncha ya kidole cha shahada iguse katikati ya kifyatulio bila kujinyoosha. Ukilazimika kuuzungusha mkono ndipo kidole kifike, bastola hiyo si yako: teke lake litaishia kwenye kifundo cha gumba badala ya kupokewa na mkono mzima, na risasi itakwenda pembeni.

Jeshi la Marekani lililijua hili baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Miaka ya 1920 bastola yake ya M1911 ilifupishwa kifyatulio, na chuma kilicho nyuma yake kikachongwa pande zote mbili ili vidole vifupi vifike. Ndiyo ikaitwa M1911A1.

Je, wajua kwamba hata bunduki ya Lee-Enfield ilikuwa na saizi kama viatu? Vitako vyake vya mbao vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, vikipishana nusu inchi: S kifupi, L kirefu, na B kwa wafupi zaidi, pamoja na kile cha kawaida. Ni bunduki waliyoibeba askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza lililochukua vijana wengi wa West Nile na kuwarudisha nyumbani wakisema Kiswahili. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni Wakakwa wa Koboko, aliingia humo 1946. Mtu kama yeye, wa zaidi ya mita 1.9, hawezi kutoshwa na kitako kimoja na mwenzake anayemfika kifuani.

Kabla ya 1914, ardhi hii ya West Nile ilikuwa nje ya Uganda, ndani ya eneo la Lado. Mwindaji wa tembo W. D. M. Bell alipita Lado akiwa na bunduki nyepesi ya milimita 7, wakati wenzake walibeba mizinga mizito iliyowavunja mabega. Aliamini shabaha kuliko ukubwa wa risasi. Unyama ule dhidi ya tembo siusifu, lakini kuhusu silaha alikuwa sahihi.

Je, wajua kwamba bastola ndogo si lazima iwe rahisi? Ikiwa nyepesi, teke huwa kali zaidi kwa risasi ileile. Makarov, yenye gramu 730 na risasi 8 katika safu moja, ina mpini unaokaa vizuri kiganjani, lakini springi yake ni ngumu, kwa kuwa inasaidia kuzuia chuma cha juu kisirudi nyuma mapema. Mwenye vidole dhaifu atahangaika kukivuta. Rivolva nayo huhitaji karibu kilo 5 za nguvu kuifyatua bila kuvuta nyundo kwanza.

Safu mbili za risasi hunenepesha mpini. Browning Hi-Power ya 1935 ilibeba 13 na bado ikabaki nyembamba kiasi. Siku hizi baadhi ya bastola huja na migongo ya mpini ya kubadilisha. Glock ilianza hivyo 2010.

Nchini Uganda, kumiliki silaha bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha ya 1970. Cheti kwanza, kiganja baadaye.

Na hili nalisema kwa uzito wote: mpini unaomtosha mama mwenye mkono mdogo unaweza kumtosha pia mwanawe. Hata mtoto mdogo asiyeweza kufyatua kwa kidole cha shahada huweza kuigeuza bastola na kusukuma kifyatulio kwa vidole gumba viwili, mtutu ukiwa umemwelekea yeye mwenyewe. Ifungiwe kwa kufuli, risasi zikae sanduku jingine.